Adabu ya Kujadili Nasaba Ufipa

Tabaka la kuzaliwa ni daraja analolirithi mtu kwa wazazi wake pamoja na heshima au dharau inayoambatana nalo, na kwa kawaida hulindwa kwa miiko ya kuoana, kula pamoja na kugawana kazi, kama ilivyo India, ambako Katiba ya mwaka 1950 ilipiga marufuku kumtenga mtu kuwa najisi kwa sababu ya asili yake. Ufipa, nchi ya Wafipa kusini-magharibi mwa Tanzania, haukuwa na mfumo uliofungwa kiasi hicho, kwani hata raia wa kawaida aliweza kupanda cheo, lakini ulikuwa na ukoo wa kifalme wa Watwa, ambao wasichanganywe na Watwa wa Rwanda na Burundi, watu waliodharauliwa kwa muda mrefu.

Kwa mujibu wa masimulizi aliyoyachunguza mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960, mtawala wa kale Ntatakwa wa Milansi alikuwa mawindoni walipofika wanawake wageni, nao wakakalia kigoda chake baada ya mkewe kuwapisha. Hatimaye ikakubalika kwamba wageni hao waitawale nchi, naye abaki na Milansi pamoja na hadhi yake ya kiibada. Watwa, ambao baadaye waligawanyika katika falme za Nkansi na Lyangalile, walijihesabu kuwa uzao wa wanawake hao. Jambo la kuthaminiwa sana katika kisa hiki ni kwamba hakimfichi aliyenyang'anywa wala hakimtukani aliyetwaa, kiasi kwamba kinaweza kusimuliwa mbele ya wazao wa pande zote mbili bila yeyote kuvunjiwa utu wake.

Hata hivyo, adabu ya enzi za ufalme ilielekea juu tu. Kuchuchumaa na kupiga makofi taratibu, ishara ambazo Wafipa huzitumia kumsalimu mkubwa, zilimhusu raia mbele ya mtawala kuliko mtawala mbele ya raia, na hapo ndipo unyenyekevu unapotofautiana na heshima, kwa kuwa unyenyekevu hudaiwa kwa aliye chini peke yake, ilhali heshima humfunga kila mmoja kwa mwenzake. Utawala wa machifu ulifutwa Tanganyika mwaka 1963, na Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 12, inatambua usawa wa binadamu wote na haki ya kila mtu kuthaminiwa utu wake. Kwa hiyo kumtaka aliyedharauliwa apunguze ukali wa maneno, huku aliyemdharau akiachwa aendelee kumtaja kwa asili yake, si kulinda adabu bali ni kulirudisha daraja lililokwisha kufutwa.

Suala hili lina uzito wa pekee Kaoze, katika Bonde la Ziwa Rukwa chini ya ukingo wa Ufipa, kwa sababu bonde hilo limepokea wafugaji wengi wa Kisukuma wenye makundi ya ng'ombe, na mgogoro wa malisho na mashamba hugeuka upesi kuwa mabishano juu ya nani ni mwenyeji na nani ni wa kuja, hata pale anayeitwa wa kuja amezaliwa papo hapo. Wengine hujikinga kwa kusema ni utani, yaani ile desturi inayowaruhusu watu wa makabila au koo fulani kukejeliana bila kukasirikiana, lakini utani hutimia pale tu kila upande unapoweza kujibu kwa uhuru uleule, na mtu anayeogopa kupoteza shamba au malisho yake hana uhuru huo. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mtu mzima ni mjumbe wake, ndio mahali pa kulijaribu jambo hili: mwenyekiti anaposikia kabila zima likishtakiwa, hana budi kumsimamisha msemaji na kumtaka ataje shamba lililoliwa, siku lilipoliwa na mwenye ng'ombe, kisha ampe mtajwa nafasi ya kujibu akiwa amesimama mbele ya watu walewale.