Dubu wa kitambaa Likasi: gharama iko kwenye dakika

Dubu wa kitambaa mwenye urefu wa sentimita 30, akishonwa vizuri mjini Likasi, Kongo, anakula takribani falanga 1,755 za vifaa na falanga 3,807 za kazi. Ile namba ya kwanza ndiyo watu wanayogombania sokoni. Ya pili haitajwi kabisa, kwa sababu anayeilipa ni mshonaji mwenyewe, tena halipi kwa noti bali kwa saa zake. Ndiyo maana mama anaweza kushona mwezi mzima, akauza kila alichoshona, na bado akakosa ada ya shule.

Kwanza misingi ya hesabu. Bei za vifaa humu ni za mfano: kipande cha kikwembe cha yadi 6 kwa falanga 24,000, kilo moja ya pamba ya polista kwa 6,000, uzi wa yadi 1,000 kwa 3,000. Msomaji aweke bei za soko lake, njia ya hesabu haibadiliki. Ujira si wa mfano. Mwaka 2018 serikali ya Kongo iliweka kima cha chini cha falanga 7,075 kwa siku. Amri ya mwaka 2025 ilikipandisha hadi 14,500, kisha 21,500 kuanzia Januari 2026. Kwa siku ya saa 8, falanga 21,500 ni 2,687 kwa saa, au karibu falanga 45 kwa kila dakika.

Sentimita mbili zinazokula dubu wanane

Kikwembe cha yadi 6 kina urefu wa mita 5.49 na upana wa mita 1.16 hivi. Dubu wa kawaida ana vipande viwili, mbele na nyuma. Chukua patroni inayoingia kwenye mstatili wa sentimita 28 kwa 34, ukingo wa kushonea ukiwa umeshahesabiwa. Kwenye upana zinaingia patroni 4, kwenye urefu safu 16. Jumla vipande 64, yaani dubu 32. Kila dubu amechukua kitambaa cha falanga 750.

Sasa mnenepeshe dubu kidogo tu, patroni ifike upana wa sentimita 30. Kwenye upana wa kitambaa zinaingia 3 badala ya 4, na sentimita 26 zinabaki pembeni bila kazi. Vipande vinashuka hadi 48, dubu 24, na kila mmoja sasa anabeba kitambaa cha falanga 1,000. Sentimita mbili zimekula dubu wanane, wala hakuna mteja atakayelipa zaidi kwa unene huo. Kabla ya kugusa mkasi, pima upana wa kitambaa, ugawanye, ndipo uchore patroni.

Masalio hayatupwi. Vipande vidogo vinatoa masikio ya rangi nyingine, nguo ya mdoli, au mipira ya watoto. Ila masalio yanayohitaji nusu saa kuunganishwa hayawi bure tena: dakika 30 ni zaidi ya falanga 1,300, karibu bei ya kitambaa cha dubu wawili.

Tumboni

Dubu wa sentimita 30 anashiba kwa gramu 120 hivi za polista, sawa na falanga 720. Wengi hukimbilia vipande vya nguo kutoka kwa mafundi cherehani kwa kuwa ni bure. Kweli ni bure, lakini nguo ni nzito. Dubu yule yule anafika gramu 300 na zaidi, anakuwa na mabonge, na akilowa anachukua siku nyingi kukauka. Sponji ya magodoro iliyochanwa ni nyepesi, ila inataka mikono na muda wa kuichana. Sufi ni laini na haipendi maji, lakini inashika moto upesi, kwa hiyo haifai karibu na mbabula, yaani jiko la makaa.

Uzi hautishi. Mzunguko wa dubu ni kama mita 1.7. Ukipitisha mshono mara mbili, na kwa kuwa cherehani hutumia uzi karibu mara tatu ya urefu wa mshono, unafika mita 10. Uzi wa yadi 1,000 ni mita 914, dubu 91, falanga 33 hivi kila mmoja. Tuseme 35. Ongeza uzi wa kudarizi 130, sabuni na maji 60, mfuko na kibandiko 60. Jumla ya vifaa: falanga 1,755.

Dakika 125 au 85

Hapa ndipo penye pesa. Ukishona dubu mmoja mwanzo hadi mwisho ndipo uanze mwingine, mgawanyo wa dakika uko karibu hivi: kukata 10, kushona kwa cherehani 25, kugeuza 10, kushindilia 25, kuziba tundu kwa mkono 15, kudarizi uso 35, kukagua na kukata nyuzi 5. Jumla dakika 125, au falanga 5,599. Ongeza vifaa, dubu anafika falanga 7,354.

Sasa fanya kazi kwa mafungu. Kitambaa kinakunjwa tabaka 8 na kukatwa kwa mara moja, kukata kunashuka hadi dakika 3. Kwenye cherehani dubu wanafuatana bila kukata uzi katikati, 25 zinakuwa 18. Kugeuza 8, kushindilia 20, kuziba 12. Uso uliochorwa kwa kigezo kimoja, wenye mishono michache, unashuka kutoka 35 hadi 20. Kukagua 4. Jumla dakika 85, falanga 3,807. Pamoja na vifaa ni 5,562. Tofauti ya falanga 1,792 kwa dubu mmoja imepatikana bila kununua mashine, bila kupunguza ujira wa mtu.

Linganisha na ile tabia ya kutembea soko zima kutafuta kitambaa cha bei ya chini. Hata ukikipata kwa nusu bei, umeokoa falanga 375. Kurahisisha uso peke yake, dakika 15, kunaokoa 672.

Kuna jambo jingine ndani ya namba hizi. Kwa kima cha 2018, dakika 85 ziligharimu falanga 1,253, chini ya vifaa. Kwa kima kipya kazi imezidi vifaa mara mbili. Mshonaji anayepanga bei kwa mazoea ya zamani, vifaa kisha kidogo juu yake, anapanga bei ya dunia iliyokwisha pita.

Giengen, 1907

Mtu atasema wenzetu Ulaya walitajirika kwa midoli kwa sababu ya viwanda. Tuangalie. Kampuni ya Steiff ya Giengen, Ujerumani, ilimpeleka dubu wake kwenye maonyesho ya Leipzig mwaka 1903, na mnunuzi kutoka Marekani akaagiza 3,000. Mwaka 1907 kampuni ilitengeneza dubu 974,000, ndani ya jumla ya midoli 1,700,000. Waliofanya kazi hiyo walikuwa wafanyakazi 400 kiwandani na wengine 1,800 walioshonea majumbani.

Gawanya: midoli 1,700,000 kwa watu 2,200 ni 773 kwa mtu kwa mwaka. Kwa siku 300 za kazi, ni midoli miwili na nusu hivi kwa siku. Dubu wao walikuwa na manyoya ya mbuzi wa Angora na viungo vinavyozunguka, kazi nzito kuliko ya kikwembe. Hata hivyo funzo liko wazi. Ukubwa wa Steiff ulitokana na mikono mingi iliyopangwa vizuri, si na mashine iliyomshinda binadamu. Huko Njoro, Kenya, Kenana Knitters, iliyoanza mwaka 1998, inafuata njia hiyo hiyo kwa sufu ya kondoo: wanawake wengi, miundo michache inayorudiwa, na kila mdoli una kibandiko chenye jina la aliyeufuma.

Turudi Likasi. Kwa dakika 85, mtu mmoja anatoa dubu 5.6 kwa siku, karibu 146 kwa mwezi wa siku 26. Ikija oda ya dubu 400 kutoka shule au parokia, ni siku-kazi 71: watu wanne kwa siku 18. Mzigo wa vifaa ni vipande 13 vya kikwembe (312,000), kilo 48 za polista (288,000) na mengineyo (114,000), jumla falanga 714,000. Ujira ni 1,526,500. Ukikubaliana falanga 7,000 kwa dubu, oda nzima ni 2,800,000. Malipo ya awali ya nusu yanamaliza vifaa vyote na kulipa asilimia 45 ya ujira. Malipo ya awali ya robo, yaani 700,000, hayafikii hata vifaa, na hapo ndipo mikopo ya riba inapoingilia mlangoni.

Udogo si urahisi

Wazo linalokuja haraka ni kushona dubu mdogo wa sentimita 10, wa kuning'iniza kwenye funguo. Urefu umegawanywa kwa tatu. Kitambaa kinagawanywa kwa tisa, falanga 83. Tumbo linagawanywa kwa ishirini na saba, gramu nne na nusu tu. Lakini dakika hazigawanyiki hivyo. Kugeuza mguu mwembamba kama kidole ni kazi ngumu kuliko kugeuza mguu mnene, na uso bado unataka macho mawili na pua. Ukifika dakika 50 umefanya vizuri, nazo ni falanga 2,240.

Udogo unalipa mahali pamoja: kusafirisha. Mizigo ya ndege hupimwa kwa uzito au kwa nafasi, kinachozidi ndicho kinacholipiwa, na kilo moja huhesabiwa kwa kila sentimita za ujazo 6,000. Dubu wa sentimita 30 kwa 15 kwa 10 ana ujazo wa 4,500, hivyo analipiwa gramu 750 ijapokuwa ana uzito wa 160 tu. Zaidi ya robo tatu ya nauli ni ya hewa. Mkubwa auzwe Likasi, Lubumbashi na Kolwezi. Mdogo ndiye anayeweza kumfuata ndugu Brussels.

Vumbi la Shinkolobwe

Kilomita 20 hivi kutoka Likasi iko Shinkolobwe, mgodi uliotoa urani ya mabomu ya 1945. Ulifungwa rasmi kwa amri ya rais mwaka 2004, baada ya miaka ya wachimbaji wadogo kufuata kobalti humo. Kwa mshonaji wa midoli hii si historia tu, ni suala la usafi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 katika jarida la Environmental Research ulipima mkojo wa watu 351 kusini mwa Katanga. Walioishi chini ya kilomita 3 kutoka migodi au viwanda vya kuyeyusha madini walikuwa na wastani wa kobalti wa mikrogramu 15.7 kwa gramu ya kreatinini, juu sana kuliko waliokaa mbali. Watoto ndio waliobeba zaidi.

Mdoli unakaa mdomoni mwa mtoto. Kwa hiyo kitambaa na masalio yafuliwe kabla ya kukatwa, yaanikwe mbali na barabara ya malori, na pamba ifunikwe. Gunia lililowahi kubeba madini lisihifadhi pamba wala lisichanwe kuwa ujazo, hata likifuliwa mara ngapi. Falanga 60 za sabuni na maji zilizo kwenye hesabu yetu ni za kazi hii, na si mahali pa kubana.

Kuhusu macho, kanuni ya Ulaya ya usalama wa midoli, EN 71, inataka kipande kama jicho kistahimili kuvutwa kwa nguvu ya nyutoni 90 kwa sekunde 10. Nyumbani, hiyo ni sawa na kulifungia jicho bidoni lenye lita 9 za maji na kulining'iniza. Kifungo kilichoshonwa kwa uzi mmoja kinang'oka mara moja. Macho ya kudarizi hayana cha kung'oka, na kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu ndiyo pekee ya kufikiria.

Bei ya kusema

Kwenye falanga 5,562 ongeza asilimia 10 kwa cherehani, sindano, taa na dubu walioharibika: 6,118. Hiyo ni sakafu. Ukimpa muuza duka anayechukua asilimia 30, bei ya rafuni ni 8,740.

Tatizo ni mteja wa falanga 5,000, aliyezoea midoli ya mitumba na ile inayopita mpakani Kasumbalesa. Mshonaji akikubali, anaona amebakiwa na 3,245 juu ya vifaa na anafurahi. Toa 500 za cherehani na hasara, zinabaki 2,745. Kama alitumia dakika 125, amejilipa falanga 10,541 kwa siku, chini ya nusu ya kima cha chini. Kwa mafungu amefika 15,501, bado pungufu.

Mteja huyo asifukuzwe, wala asiuziwe dubu kwa hasara. Auziwe mdoli mwingine. Samaki wa kitambaa hana miguu ya kugeuza wala masikio, macho yake ni mishono michache, na anaisha kwa dakika 50: kazi 2,240, vifaa kama 1,200, pamoja na asilimia 10 ni 3,784. Kwa falanga 5,000, mshonaji amelipwa ujira kamili na ana 1,216 za kununulia kikwembe kijacho. Katika biashara hii, bei hupunguzwa kwenye patroni, kabla kitambaa hakijakatwa. Ikipunguzwa mbele ya mteja, inakatwa kwenye ujira.