Gari la Kuvuta Tela Dogo

Mtu anayetafuta gari la kuvutia tela huanza karibu kila mara na injini: ina nguvu kiasi gani, ni ya lita ngapi? Swali lenyewe ni halali, ila si la kwanza. Gari lolote lenye injini nzima litaling'oa tela dogo lilipoegeshwa na kulifikisha barabarani. Gari linalofaa hutambulika baadaye, kwenye mteremko, wakati dereva anataka kusimama na tela linataka kuendelea. Ndiyo maana katika sura hii nitashikilia jambo moja hadi mwisho: gari la tela huchaguliwa kwa uwezo wake wa kuzuia mzigo, kisha ndipo tuzungumze habari za kuvuta.

Nimeichagua njia ya Korogwe hadi Handeni kuwa mfano wetu, kilomita 65 za lami, kwa sababu njia hii na vichepuko vyake ina kila kinacholitesa gari lenye tela. Korogwe iko bondeni kando ya mto Pangani, karibu mita 300 juu ya usawa wa bahari. Handeni iko karibu mita 700. Ukiiacha lami unaingia kwenye udongo mwekundu wenye vumbi, na mabondeni unakutana na udongo mweusi ambao wakati wa masika hauchagui gari. Upande wa kaskazini, ukipita Mombo, kuna Usambara.

Na sababu za kuwa na tela hazikosekani. Handeni imeishi na shida ya maji kwa muda mrefu. Mradi wa maji wa HTM uliojengwa miaka ya 1970 huyatoa maji mto Pangani upande wa Korogwe na kuyasukuma hadi Handeni, lakini mwenye mifugo au shamba mbali na bomba bado hubeba maji yake mwenyewe. Wapo pia wanaohitaji tela la safari, lenye kitanda, jiko na akiba ya maji: mpima ardhi anayelala porini, mfanyabiashara anayefuata minada, familia inayotaka kutembea bila kulipia nyumba za wageni. Matela haya mawili hayafanani kwa sura, ila hulitesa gari kwa njia zinazokaribiana.

Tuanze na uzito, maana ndio unaodanganya zaidi. Lita moja ya maji ni kilo moja. Simtanki la lita 1,000 likijaa ni tani nzima, kabla ya kuhesabu tangi lenyewe, fremu, ekseli na matairi. Tela la kuchomelewa gereji, lenye chuma kizito, halishuki kirahisi chini ya kilo 250. Umeshafika kilo 1,250 au zaidi. RAV4 za miaka ya 1990 zenyewe zina uzito wa kiasi hicho hicho. Maana yake ni kwamba kila ukikanyaga breki, nyuma yako kuna gari jingine zima lisilo na dereva wala breki, na linakusukuma.

Ulaya na Australia wameliwekea jambo hili mpaka: tela lisilo na breki zake lisizidi kilo 750 kwa jumla, hata gari likiwa kubwa namna gani. Kwa magari mepesi mpaka uko chini zaidi. Suzuki Jimny ya umbo la 2018, kwa vipimo vya Australia, inaruhusiwa kuvuta kilo 1,300 tela likiwa na breki, na kilo 350 tu likiwa halina. Injini ni ile ile na gia ni zile zile. Kilichobadilika ni breki. Ningependa kila mnunuzi aziweke kichwani namba hizo mbili kabla ya kuuliza lita za injini.

Breki rahisi kwa tela dogo ni ya msukumo. Gari likipunguza mwendo, tela huja mbele na kuusukuma mkono wa kuungia. Mkono huo huteleza kidogo na kuvuta waya unaobana breki za magurudumu ya tela. Haihitaji umeme wala pampu, na fundi anayejua breki za ngoma ataielewa kwa haraka. Kero yake ni wakati wa kurudi nyuma, kwa kuwa msukumo ule ule huibana, hivyo iwe na pini ya kuifunga. Ukinunua tela lisilo na breki hii na unataka kubeba tani ya maji, bei uliyoambiwa si bei kamili.

Maji yana ubaya wa ziada ambao gunia la mahindi halina: hayatulii. Simtanki lililojaa hadi mdomoni huenda vizuri. La nusu ndilo la kuogopwa. Ukifunga breki maji hukimbilia mbele na kuligonga gari kwa mara ya pili. Ukikata kona hulala upande wa nje. Beba tangi lililojaa au lililo tupu, au gawa mzigo kwenye matangi madogo mawili umalize moja kwanza.

Sasa mlima. Kila tani moja kwenye mteremko wa asilimia 10 hukusukuma kwa nguvu ya karibu kilo 100. Chukua pikapu na tela vyenye tani 3 kwa pamoja, vikishuka kutoka Lushoto hadi Mombo: kilomita 33 za kona, na kimo kinapungua karibu mita 1,000. Nishati inayoachiliwa katika kushuka huko ingetosha kuchemsha zaidi ya lita 80 za maji hadi yatokote. Sehemu yake huliwa na matairi na upepo. Inayobaki lazima iende mahali, na mahali ni pawili tu, injini au breki. Dereva anayeshuka kwa gia ya pili huku injini ikilia anaipeleka kwenye injini, ambako rejeta ipo kwa kazi hiyo. Anayeshuka akiwa amekanyaga breki mfululizo anaipeleka kwenye breki: breki hunuka, kisha hulegea, kisha hazishiki tena. Hapo dizeli kubwa inayozunguka taratibu, yenye gia za mkono, inalishinda gari la otomatiki, hasa lenye giaboksi ya mkanda isiyozuia vizuri inaposhuka na inayopata joto upesi inapopanda.

Kwa mizani hiyo, tuyatazame magari yanayopatikana kwetu.

Kirikuu nitaipitia haraka. Injini ya sisi 660 na uwezo wa kubeba kilo 350 vinaeleza vyenyewe. Ipakie mzigo mgongoni, usiifungie tela. Noah na RAV4 ni magari mazuri ya familia, lakini injini zake za petroli hutoa nguvu ya kutosha zikizunguka kasi, karibu mizunguko 4,000 kwa dakika, na kwenye mlima ukiwa na mzigo utaishi huko juu. Kwenye Noah kuna tatizo jingine: ndoano inakaa mbali nyuma ya ekseli, na mkia mrefu hulipa tela wenzo wa kuuyumbisha mwili wa gari. Kama Noah yako inavuta kwa magurudumu ya mbele, uzito unaokandamiza ndoano huyanyanyua magurudumu hayo hayo unayoyategemea kwenye matope. Kwa tela la kilo 400 au 500, kwenye lami, kwa mwendo wa taratibu, sikatai. Kwa tani ya maji kwenda vijiji vya ndani, nakataa.

Hilux ya dizeli ndiyo jibu la watu wengi, na kwa haki. Ina chasisi ya kufungia ndoano, umbali mrefu kati ya ekseli, springi za majani nyuma, na vipuri viko kila mahali. Land Cruiser ya mfululizo wa 70 yenye injini ya 1HZ imeizidi: lita 4.2, silinda sita, nyutoni-mita 285 zinazopatikana injini ikizunguka mara 2,200 tu kwa dakika. Haina haraka, na kazi hii haitaki haraka. Land Rover Defender 110 yenye injini ya 300Tdi nayo ni mvutaji hodari mwenye nyutoni-mita 265 kwenye mizunguko 1,800. Inataka tu mwenye kuipenda na fundi anayeijua. Prado ya zamani yenye injini ya 1KZ huvuta vizuri, ila inajulikana kwa kichwa cha injini kupasuka ikichemka. Ukiichukua kwa tela, rejeta na feni yake vikaguliwe kabla ya rangi na viti.

Kenta nayo huulizwa mara kwa mara. Inaweza, lakini umeme wake ni wa volti 24, na taa za tela la volti 12 zitaungua siku ya kwanza. Na kama mzigo wako hautoki nje ya shamba, jifunze kwa mashamba ya mkonge ya Korogwe: trekta hushikilia tela chini, karibu na ekseli, na huenda polepole. Kwa maji ya ng'ombe wa kijiji kimoja, trekta au pawatila inatosha na inakuokolea fedha nyingi.

Tela la safari lina adui wake, upepo. Ni jepesi kuliko la maji, pengine kilo 600, lakini ni refu kuliko gari na lina uso mpana. Ukizidisha mwendo mara mbili, hewa inakupinga mara nne. Kwenye barabara ya Segera hadi Mkata, basi likikupita kwa kasi husukuma hewa inayolipiga tela ubavuni, na tela lililopakiwa vibaya huanza kuyumba. Kinga yake ni mpangilio wa mzigo. Karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wa tela iegemee kwenye ndoano. Weka tenki na mitungi mbele kidogo ya ekseli, si nyuma. Unaweza kupima kwa mizani ya bafuni, ukiegemeza pua ya tela juu yake kwa kipande cha mti. Likianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta na shika usukani sawa. Usikanyage breki kwa nguvu, wala usiongeze mwendo.

Jambo dogo ambalo wanunuzi husahau: tairi. Mwambie fundi aweke tela kwenye habu zinazolingana na gari. Hilux nyingi zina nati sita, na tela lenye nati sita zile zile hutumia tairi la akiba la gari. Ukipasukiwa njiani kuelekea Kibirashi jioni, utaona thamani yake. Mnyororo wa usalama upite chini ya ndoano, na beringi za tela zisafishwe na kupakwa grisi upya kila baada ya masika, kwa kuwa maji ya mabondeni huingia humo.

Magari mengi yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani hayaji na ndoano wala maelezo ya kiasi cha kuvuta. Tafuta kitabu cha modeli hiyo hiyo iliyouzwa Australia au Uingereza, usome namba zote mbili, ya tela lenye breki na ya lisilo nazo. Kisha ujikatie robo, kwa sababu gari hilo si jipya na barabara zetu si zao.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usilipie gari kabla hujalipakia tela lako kama litakavyokuwa safarini na kulipima kwenye mizani. Fedha zikikutosha kwa Hilux lakini si kwa breki za tela, nunua Hilux ya zamani zaidi na ufunge breki. Zisipotosha hata hapo, punguza simtanki liwe la lita 500 uende mara mbili.