Ujira wa Mhadhiri Ujulikane Kabla ya Kazi

Katika familia zetu, tangu Machame hadi Rombo, kijana akiitwa mhadhiri wa chuo kikuu huhesabiwa kuwa amekwisha kufika. Jamaa humtazamia karo za wadogo zake na michango ya harusi. Ni wachache waulizao mkataba wake ni wa muda gani.

Mjini Moshi, Chuo Kikuu cha Ushirika, kilichoanza kama Chuo cha Ushirika mwaka 1963 na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2014, ni cha umma. Vyuo visivyo vya serikali hutegemea zaidi ada, na wanafunzi wengi hulipiwa kwa mikopo ya serikali. Wanafunzi wakipungua, mishahara hutikisika. Mwaka 2017 Tume ya Vyuo Vikuu ilivizuia vyuo 19 nchini kudahili wanafunzi wapya. Chuo kisichodahili hakipati ada mpya, ilhali mhadhiri aliyekuwa darasani huenda hakukosa lolote.

Mwenye hali ngumu zaidi ni mhadhiri wa muda. Akilipwa kwa saa za darasani peke yake, usiku anaosahihisha mitihani hauna bei. Mtafiti naye huajiriwa kwa umri wa mradi. Fedha za mfadhili zikikoma, na kazi imekoma. Mkulima wa kahawa aijua hali hii: hupokea malipo ya awali, kisha hungoja malipo ya pili asiyoyajua kiasi chake. Lakini mkulima ana kihamba chenye migomba, na mhadhiri hudaiwa kodi ya nyumba kila mwezi.

Mkataba wa muda si haramu. Wanazuoni wa fiqhi wameihalalisha ijara kwa sharti kwamba kazi, muda na malipo vijulikane. Suratul-Maida, aya ya kwanza, yaamrisha kutimiza mikataba, na Suratul-Baqara, aya ya 282, yaamrisha deni la muda liandikwe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo yataka mkataba uwe wa maandishi. Aliyeahidiwa kwa mdomo kuongezewa muda hana cha kushika.

Madrasa ya Nidhamiyya ya Baghdad, iliyofunguliwa mwaka 1067, iliwalipa walimu kutokana na mali ya waqfu. Riziki yao haikungoja ada za wanafunzi. Wenye viwanja na maduka Moshi walitafakari hilo. Nasi wazazi, kabla ya kumtwika kijana mizigo ya ukoo, tumwombe kwanza atusomee mkataba wake.