Ruta ya nyumbani: usinunue antena, nunua intaneti

Na Mwandishi Wetu

Singida. Saa 5:40 usiku mke wangu alikuwa amesimama juu ya jiwe nyuma ya nyumba yetu, Misuna, khanga mabegani, simu ameiinua juu kama mtu anayetafuta stesheni ya redio. Anafundisha shule ya msingi huku akisoma shahada kwa njia ya masafa, na kazi yake ya muhula ilitakiwa kufika chuoni kabla ya saa 6:00 kamili. Ndani, juu ya kabati la televisheni, ruta mpya niliyoinunua siku nne kabla ilikuwa inawaka taa nyekundu.

Kazi iliondoka saa 6:07. Mlango wa kupokea ulikuwa umeshafungwa.

Hakunigombeza. Alikaa kitandani, akanitazama, akasema: "Baba watoto, si ungeniuliza kwanza?" Kisha akageukia ukutani.

Siku hizi ruta imeingia kwenye orodha ya vitu vya nyumba, pamoja na jiko la gesi na kisimbuzi. Lakini wengi wetu tunainunua kama nilivyoinunua mimi, yaani kwa macho. Dukani niliona mbili. Moja ilikuwa na antena nne, boksi limeandikwa kasi ya megabiti 300 kwa sekunde, na ilikuwa nafuu. Nikaamini antena nyingi ndiyo nguvu. Sikuuliza kama imefungiwa laini ya mtandao mmoja. Ilikuwa imefungiwa, na mtandao huo kwetu hufika kwa kuchechemea.

Je, unaihitaji kweli?

Anza na swali hili kabla ya kutoa pesa. Kama nyumbani mko wawili, na kazi kubwa ni ujumbe na habari, simu moja inayogawa intaneti kwa nyingine inatosha. Ruta inaanza kuwa na maana pale watu wanapokuwa wengi, kuna anayesoma au kufanya kazi kwa kompyuta, au mwenye simu anapoondoka asubuhi na kuacha nyumba nzima gizani.

Ruta haizalishi intaneti

Hili ndilo lililonigharimu. Ruta ni kama koki ya bomba. Unaweza kufunga koki kubwa ya kung'aa, lakini kama maji kwenye bomba la mtaa ni ya matone, utapata matone. Ile megabiti 300 ya kwenye boksi ni kasi kati ya ruta na simu yako mle sebuleni. Haisemi chochote kuhusu kasi inayotoka mnarani.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua kinachofika kwako. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaosimamiwa na TTCL, unapita mkoani kwetu, lakini mkongo kupita mjini si sawa na waya kuingia sebuleni. Uliza kama mtaa wako umeunganishwa. Kama upo, utahitaji ruta inayopokea waya huo, na mara nyingi anayekuunganisha ndiye anayekuletea. Kama haupo, kama ilivyo kwa kaya nyingi za Singida, utahitaji ruta inayotumia laini ya simu ya 4G, au 5G pale ilipofika.

Hapo ndipo unapotakiwa kutembea. Azima laini za Vodacom, Airtel, Yas, Halotel na TTCL kwa ndugu na majirani. Weka moja moja kwenye simu yako, kisha pita chumba hadi chumba ukifungua video ileile. Fanya hivyo mara mbili: asubuhi, na saa 2 usiku watu wote wanaporudi nyumbani na mnara unapoelemewa. Usimsikilize jirani tu. Sisi tunaishi katikati ya mawe makubwa, na jiwe au kilima kinaweza kukuziba wewe na kumwacha wa ng'ambo ya barabara akipata vizuri.

Maswali manne ya dukani

Swali la kwanza: ruta hii inakubali laini zote au imefungiwa mtandao mmoja? Iliyofungiwa huwa nafuu, na si mbaya kama umeshapima ukajua mtandao huo ndio bora kwako. Ila ukihamia Manyoni au Kiomboi, au mtandao ukibadilika, umebaki na pambo.

La pili: inatoa masafa mangapi ya Wi-Fi? Yapo ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Ya kwanza hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, ila huwa na msongamano wa vifaa. Ya pili ni ya kasi, lakini huchoka mapema inapokutana na ukuta wa matofali ya kuchoma. Ruta yenye yote mawili inafaa zaidi kwa nyumba ya vyumba vitatu au vinne.

La tatu: ni ya kizazi gani? Wi-Fi 5 inatosha familia nyingi. Wi-Fi 6, iliyoanza kuthibitishwa mwaka 2019, ni nzuri pale vifaa vinapokuwa vingi kwa wakati mmoja. Usilipie zaidi kama simu zote za nyumbani ni za zamani, kwa sababu hazitaifaidi.

La nne: ina tundu la antena ya nje? Kwa nyumba ya bati iliyo bondeni au nyuma ya mwamba, antena iliyofungwa juu ya paa na kuelekezwa mnarani inaweza kukufaa kuliko antena nne za urembo.

Dai risiti na dhamana, na muuzaji aiwashe mbele yako kwa laini yako.

Umeme ukikatika

Ruta nyingi za nyumbani hazina betri. Taa ikizimika, intaneti nayo imezimika, hata kama kompyuta ina chaji. Zipo ruta ndogo za mkononi zenye betri ndani, zinazofaa mtu mmoja au wawili. Kwa ruta kubwa, nunua betri ndogo ya akiba inayotoa volti sawa na adapta yake. Soma adapta kwanza, nyingi ni volti 12, kwa kuwa ukikosea volti unaweza kuiunguza.

Kuhusu uniti, usiogope sana. Ruta inayotumia wati 10, ikiwashwa usiku na mchana kwa siku 30, inakula uniti 7 hivi. Kinachomaliza pesa ni kingine.

Bando linakwenda wapi?

Siku za mwanzo za ruta yetu, bando la mwezi liliisha siku ya tisa, siku zile chache mtandao ulipokuwa umetulia. Tuliwasingizia watoto. Kumbe kosa halikuwa lao peke yao.

Simu janja ikiunganishwa na Wi-Fi hudhani imefika kwenye intaneti isiyo na kikomo. Hapo huanza kusasisha programu, kupakia picha zote za harusi ya shangazi na kucheza video kwa ubora wa juu, bila kukuuliza. Ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi ya kila simu, uieleze kuwa mtandao huo una kipimo. Zima kujisasisha kwenyewe.

Video ndiyo mlaji mkuu. Saa moja ya video ya ubora wa kawaida hula karibu GB 1, na ya ubora wa juu hufika GB 3. Watoto watatu, kila mmoja na simu yake kwa saa moja ya ubora wa juu, ni GB 9 kwa siku. Wakitazama pamoja kwenye skrini moja kwa ubora wa kawaida, ni GB 1. Waliosema mali bila daftari hupotea bila habari hawakuwa na bando, lakini walilijua. Ruta nyingi zina ukurasa unaoonyesha nani ametumia kiasi gani, na nyingine zinaruhusu kumzimia mtoto saa 3 usiku.

Na neno la siri? Libadilishe siku ya kwanza, na lile la kuingilia kwenye ruta yenyewe pia. Laini iliyomo ndani imesajiliwa kwa alama zako za vidole. Kijana wa jirani akifanya uhuni kupitia Wi-Fi yako, swali litaanzia kwako.

Tulivyomalizia

Ruta ya antena nne nilimpelekea shemeji yangu Itigi, ambako mtandao ule unashika vizuri, na hadi leo anaishukuru. Safari ya pili tulikwenda dukani wawili. Mama watoto alikuwa na karatasi yenye majina ya mitandao, vyumba na saa tulizopima. Tulichagua inayokubali laini zote, ina antena mbili tu, na haikukaa kwenye kabati la televisheni. Ipo dirishani kwenye chumba cha watoto, upande wa mnara, kwa sababu karatasi ndiyo iliyosema hivyo.

Ile kazi ya muhula ilikatwa alama kwa kuchelewa, na somo hilo alilipita kwa shida. Muhula uliofuata alituma ya kwake saa 3:15 usiku, akafunga kompyuta, akaniambia:

"Siku ile ulinunua antena. Safari hii tumenunua intaneti."

Nami nakuuliza wewe msomaji: kabla hujafungua pochi, umeshatembea na simu chumba hadi chumba? Na umemuuliza mwenzako anaihitaji kwa kazi gani?