Maji Katika Oili ya Trekta: Pima Kwanza, Fungua Baadaye

Katika majumba ya ghorofa ya Nyayo Highrise, karibu na Kibera mjini Nairobi, hapana nafasi ya kulima, lakini wenye mashamba hawakosekani humo. Mtu hufanya kazi mjini, na trekta lake kuukuu huwa mbali shambani, mikononi mwa dereva. Watu wa namna hiyo huitwa wakulima wa simu, na jina hilo lawafaa, kwa maana habari za shamba huwafikia kwa simu. Habari moja waiogopayo, hasa mwezi wa Machi mvua za masika zikikaribia, ni hii: "Mzee, oili imekuwa kama chai ya maziwa."

Jibu la kwanza na liwe fupi: injini isiwashwe. Kranki ya injini haizunguki chuma juu ya chuma. Huzunguka juu ya utando mwembamba wa oili ndani ya beringi zake. Maji hayana nguvu ya kubeba uzito huo. Utando ukikatika, beringi huliwa na kranki hukwaruzwa, na ubovu ambao ungalitengenezwa kwa gasketi moja huwa gharama ya injini nzima. Msimu wa kulima nao hupita.

Lakini si kila weupe ni ishara ya uvujaji. Trekta likiwashwa na kuzimwa mara kwa mara kabla halijapata moto, hutoa jasho ndani yake, na utelezi mweupe huonekana chini ya kifuniko cha kutilia oili. Ikiwa oili iliyo kwenye kijiti cha kupimia ni safi, haijaongezeka, na maji ya rejeta hayapungui, basi kazi ya saa moja au mbili yatosha kulikausha jasho hilo. Tena, ekzosi iliyosimama wima bila kufunikwa huweza kupitisha mvua hadi ndani ya silinda, kisha maji yakashuka katika oili. Hapo rejeta haina kosa lolote.

Ili kujua hakika, trekta liachwe limesimama usiku kucha mahali tambarare. Asubuhi dereva aweke chombo chini ya sampu, ailegeze polepole nati ya kumwagia oili. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo hutuama chini na kutoka kwanza. Kama yamekwisha changanyika na oili yasiweze kujitenga, atie tone moja juu ya bati la moto; oili yenye maji hutatarika. Maji yenye rangi ya dawa ya rejeta yametoka katika rejeta. Asiyaonje kamwe, maana dawa hiyo huweza kuwa sumu.

Ikiwa ni maji ya rejeta, ndipo aitwe fundi. Wengi hukimbilia kufungua silinda hedi mara moja, na hilo ni kosa, kwa sababu njia za maji ni zaidi ya moja: gasketi iliyoungua, hedi au bloki iliyopasuka, mipira ya slivu iliyochakaa, au kipoza oili, kwa trekta lililo nacho. Fundi aijaze rejeta maji, aipachike pampu ya mkono mahali pa kifuniko, na kusukuma hadi kipimo kilichoandikwa kwenye kifuniko, asizidishe. Oili ikiwa imemwagwa na nati imeachwa wazi, angojee. Mshale wa pampu ukishuka na maji yakidondoka chini, uvujaji umethibitika.

Kisha sampu ifunguliwe, pampu isukumwe tena, na fundi atazame kwa tochi kutoka chini. Matone yakitoka chini ya slivu kwa nje, mipira ndiyo mibovu. Yakishuka ndani ya silinda kupita pistoni, kosa li katika slivu, hedi au gasketi. Yakishuka katika matundu ya fito za vali, atazame hedi na gasketi yake. Lakini tahadhari: katika matrekta mengi sampu ni chuma kizito kinachosaidia kubeba trekta lenyewe. Litegemezwe imara kwanza, mtu asije akaumia.

Inafaa pia kulijua trekta lako. Ferguson ya kijivu ya TE20, iliyotengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956, ina slivu zinazozungukwa na maji. Vizibo vya maji vilivyo chini ya slivu hizo vikichoka, maji huingia katika oili. Massey Ferguson 135, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1964, ikiwa na injini ya dizeli ya Perkins ya silinda tatu, ina slivu kavu zisizogusana na maji. Mwenye 135 ya namna hiyo akiambiwa anunue mipira ya slivu, na aulize maswali kabla ya kutuma fedha.

Baada ya matengenezo, oili na filta zibadilishwe, injini iendeshwe kwa muda mfupi, kisha zibadilishwe tena, kwani mabaki ya maji hujificha katika njia za oili.

Kinga ni rahisi kuliko tiba. Rejeta itiwe maji safi yenye dawa ya kuzuia kutu, si maji ya mtoni. Kutu na matope huziba njia, injini ikapata moto kupita kiasi, na gasketi ikaungua. Ekzosi ifunikwe kwa kopo kila jioni, nalo liondolewe kabla ya kuwasha. Zaidi ya yote, dereva atazame kijiti cha oili na maji ya rejeta kila asubuhi injini ingali baridi. Akiona oili imeongezeka bila kutiwa na mtu, asifurahi. Aache ufunguo mfukoni, apige simu.