Bayleaf: Nyumba ya Mwaloni, Fito na Udongo

Wengi wetu tuishio Uingereza tumezoea kuidhania nchi hii kuwa ni ya matofali tangu asili. Lakini mashamba ya kusini yamehifadhi ujenzi mkongwe zaidi, ambao fundi wa fito na udongo wa pwani ya kwetu asingeuona mgeni.

Mfano wake ni Bayleaf, nyumba ya mkulima iliyojengwa Chiddingstone, katika jimbo la Kent, mwanzoni mwa karne ya 15. Kiunzi chake ni cha mwaloni, mti ambao maseremala waliuchonga ungali mbichi, kwa kuwa ukikauka huwa mgumu mno. Boriti moja ilichongwa ulimi, nyingine ikatobolewa tundu, kisha zikaunganishwa na kukazwa kwa vigingi vya mti. Nafasi baina ya nguzo zilijazwa fito zilizosukwa, zikakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu na samadi. Kuta hizo huzuia baridi na upepo tu. Mzigo wa paa hubebwa na kiunzi.

Katikati mna ukumbi ulio wazi hadi paani. Moto uliwashwa sakafuni, na moshi ukajipenyeza juu, kwani dohani haikuwapo. Madirisha hayakuwa na vioo, bali vijiti vya mbao vilivyosimamishwa na vibao vya kufungia. Upande mmoja wa ukumbi ni vyumba vya wenye nyumba. Upande wa pili, vyumba vya akiba ya vyakula na vinywaji.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 bonde lile lilitakiwa liwe bwawa la maji la Bough Beech. Makumbusho ya Weald and Downland, yaliyoanzishwa mwaka 1967, yakaiokoa nyumba. Kwa kuwa kiunzi kilishikwa na vigingi, kiliweza kufunguliwa kiungo kwa kiungo na kusimikwa upya Singleton, Sussex Magharibi. Wageni huingia humo hadi leo.

Wako watoto wetu waonao haya kutaja nyumba ya udongo ya bibi yao. Tuwapeleke Singleton. Waliokaa Bayleaf hawakuwa mafukara, bali wakulima wenye uwezo wao. Na tukiwa humo tuwatajie kwa Kiswahili kila wanachokiona: nguzo, boriti, kombamoyo, fito. Tusipowatajia sisi, nani atakayewatajia?