Badiliko Limo Katika Matawi Gani?

Wafasiri wa maandishi ya kompyuta hukutana na swali hili katika udhibiti wa matoleo, yaani kazi ya kuhifadhi historia ya maandishi ili kila badiliko lijulikane limefanywa lini na nani. Katika programu ya Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, njia mbalimbali za kuendeleza maandishi yenye chanzo kimoja huitwa matawi.

Neno tawi lafaa, mradi msomaji asifikirie mti tu. Na afikirie reli. Tawi la Mpanda huachana na reli ya kati huko Kaliua, nayo reli ya kati huendelea hadi Kigoma. Msafiri anayerudi nyuma kutoka Mpanda hupita Kaliua, kisha Tabora; anayetoka Kigoma hali kadhalika. Basi Tabora imo katika safari zote mbili, lakini kituo kilicho kati ya Kaliua na Mpanda kimo katika safari moja tu. Git hutafuta vivyo hivyo: huanza ncha ya kila tawi na kurudi nyuma. Likikutana na badiliko linaloulizwa, tawi hilo hutajwa.

Manufaa yake ni dhahiri. Mwaka 2012 Mpanda ilitoka Mkoa wa Rukwa ikawa katika Mkoa mpya wa Katavi. Tuseme karani amesahihisha jina la mkoa katika orodha iliyohifadhiwa kwa Git. Asipouliza sahihisho hilo limo katika matawi gani, huenda fomu zikachapwa kutoka tawi lenye jina la zamani.

Kwa hiyo twapendekeza kusema badiliko "limo" katika tawi, wala si "limefanywa" katika tawi. Badiliko huweza kufanywa kwingine, likaingia baadaye kwa kuunganisha matawi.

Tahadhari moja yabaki. Kila badiliko lina alama ya utambulisho, inayokokotolewa kutokana na yaliyomo pamoja na badiliko lililolitangulia. Sahihisho likinakiliwa katika tawi jingine hupata alama nyingine. Git itajibu kwamba badiliko la kwanza halimo, ingawa maneno yake yamo. Mfasiri asiyachanganye maswali hayo mawili: "badiliko hili limo?" na "maneno haya yamo?"